Santuri za Kwanza za Bluzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wengi huijia bluzi, muziki wa Weusi wa Marekani, kupitia mpiga gitaa Robert Johnson na hadithi kwamba aliuza roho yake kwa shetani njia panda, au kupitia magitaa ya umeme ya Chicago. Nyuma ya hayo kuna miaka 20 hivi ya santuri ambazo wachache wamezisikiliza kwa makini, na ndizo zilizoamua ni sauti ya nani ibaki na ya nani ipotee. Majibu yafuatayo yanahusu miaka hiyo, toka 1920 hadi Vita vya Pili vya Dunia, pamoja na machache yaliyotangulia.

Santuri ya kwanza ya bluzi ni ipi?

Ukiuliza santuri ya mwanzo yenye jina la bluzi, hizo zilikuwapo tayari mwaka 1914. Bendi ya studio ya kampuni ya Victor ilipiga "Memphis Blues" ya W.C. Handy bila mwimbaji, na mwaka huohuo Mzungu aitwaye Morton Harvey akaiimba. Handy, mtunzi wake, ambaye alikuwa Mweusi, alikuja kurekodi na bendi yake mwenyewe 1917.

Hata hivyo, wanaoifuatilia historia hii huanza kuhesabu tarehe 10 Agosti 1920. Siku hiyo Mamie Smith aliimba "Crazy Blues" kwa kampuni ya Okeh jijini New York, na ndiyo inayohesabiwa kuwa santuri ya kwanza ya bluzi kuimbwa na mtu Mweusi. Nami naianzia hapo. Kabla yake makampuni yalishikilia kwamba Weusi si wanunuzi wa santuri. Baada yake yalianza kugombania waimbaji Weusi.

Ilikuwaje Okeh ikakubali?

Kwa ung'ang'anizi wa mtu mmoja. Perry Bradford, mtunzi na mpiga piano mzaliwa wa Alabama, alizunguka ofisi za makampuni ya New York akirudia hoja ileile: nchi hii ina mamilioni ya Weusi, na watanunua santuri wakisikia mtu wao akiimba. Makampuni makubwa yalimkatalia. Fred Hager wa Okeh alimsikiliza, ingawa alikuwa ametishiwa kwamba bidhaa zake zingesusiwa akimrekodi Mweusi. Wazo la kwanza lilikuwa kumpa nyimbo hizo Sophie Tucker, mwimbaji wa Kizungu. Bradford akashikilia kwamba aimbe Mamie.

Februari 1920 Mamie aliimba nyimbo mbili za Bradford akipigiwa na bendi ya Wazungu. Zile hazikuwa bluzi hasa, lakini ziliuzika kiasi cha kumrudisha studio mwezi Agosti, safari hii na wapigaji Weusi. Inasemekana "Crazy Blues" iliuza nakala 75,000 katika mwezi wa kwanza. Takwimu za makampuni ya enzi hizo si za kuapia, lakini kishindo chake hakina ubishi. Wahudumu wa mabehewa ya kulala ya treni yaitwayo Pullman, ambao wengi wao walikuwa Weusi, walinunua santuri kwa mafungu mijini na kuziuza njiani kuelekea Kusini mwa Marekani. Wahudumu haohao ndio waliosambaza gazeti la Weusi la Chicago Defender, na ndani ya gazeti hilo kulikuwa na matangazo ya santuri yenye kuponi ya kukata na kutuma pamoja na pesa. Santuri moja ilikuwa senti 75 hadi dola moja, pesa nyingi kwa mchuma pamba. Watu walinunua hivyohivyo.

Kwani hakuna Mweusi aliyerekodiwa kabla ya hapo?

Wapo, tena mapema sana. George W. Johnson, aliyezaliwa Virginia zama za utumwa, alikuwa nyota wa sauti zilizorekodiwa tangu 1890 hivi. Wakati huo hapakuwa na njia nzuri ya kunakili kwa wingi, kwa hiyo ilimlazimu kuimba wimbo uleule mara nyingi ajabu ili zipatikane nakala za kuuza. Bert Williams alirekodi kwa Victor 1901, na waimbaji wa Chuo Kikuu cha Fisk walirekodi nyimbo za kiroho 1909. Kilichokosekana ni muziki ambao Weusi wa kawaida walikuwa wakiuimba na kuucheza wenyewe, unaouzwa kwao wenyewe.

Bluzi yenyewe ina umri gani, na ni kweli ilitoka Afrika?

Ina umri mkubwa kuliko santuri, ingawa si mkubwa sana. Handy alisimulia kwamba mwaka 1903 hivi, akisubiri treni iliyochelewa katika stesheni ya Tutwiler, Mississippi, alimsikia mtu aliyevaa matambara akipiga gitaa kwa kuburuza kisu juu ya nyuzi na kuimba mstari mmoja kwa kuurudia. Ma Rainey naye alisema aliusikia muziki huo kwa mara ya kwanza huko Missouri 1902, kutoka kwa msichana aliyeimba kuhusu mwanamume aliyemwacha. Shuhuda zote mbili zinatupeleka kwenye kizazi cha wajukuu wa watumwa, mashambani na kwenye makambi ya kazi.

Kuhusu Afrika: bluzi ilizaliwa Marekani, ila malighafi yake ina asili ya Afrika, hasa Afrika Magharibi. Banjo ni mzao wa vinanda vya nyuzi vya huko. Sauti inayoteleza kati ya noti na noti, mwimbaji na chombo kujibizana, na mstari unaorudiwa kabla ya kujibiwa ni mambo yenye ndugu zake kule Senegambia na Saheli. Watumwa wachache sana waliofika Marekani walitoka upande wetu wa mashariki, kwa hiyo si sahihi kutafuta mizizi ya bluzi pwani ya Waswahili.

Kwa nini wanawake walitangulia?

Hili ndilo swali ninalopenda kuulizwa, kwa sababu picha iliyozoeleka ya bluzi ni mzee na gitaa lake barazani. Kwenye santuri, miaka mitano sita ya mwanzo ni ya wanawake: Mamie Smith, Bessie Smith, Clara Smith (hawakuwa ndugu), Ma Rainey, Ida Cox, Alberta Hunter, Ethel Waters, Victoria Spivey.

Sababu ya kwanza ni biashara. Mamie aliuza, kila kampuni ikataka Mamie wake. Sababu ya pili ni kwamba wanawake hawa walikuwa tayari nyota wa majukwaa. Ma Rainey, mwenyeji wa Columbus, Georgia, alipanda jukwaani tangu ujana wake na kuzunguka Kusini nzima na maonyesho ya mahema kabla kampuni ya Paramount haijampeleka studio Desemba 1923. Watu walimjua kwa mikufu yake ya sarafu za dhahabu na meno ya dhahabu. Alipoacha kurekodi 1928 alikuwa na takriban nyimbo 100. Sababu ya tatu ni ya kifundi: mtu aliyezoea kujaza hema kwa koo lake, bila maikrofoni, ndiye aliyefaa kwa mitambo ya wakati ule.

Bessie Smith, wa Chattanooga, Tennessee, aliingia studio za kampuni ya Columbia Februari 1923. Santuri yake ya kwanza, "Downhearted Blues", ni wimbo ambao Alberta Hunter, aliyeutunga pamoja na Lovie Austin, alikuwa ameshaurekodi. Ya Bessie ndiyo iliyouzwa kwa mamia ya maelfu.

Ukitaka kuelewa kwa nini, sikiliza "St. Louis Blues" aliyoirekodi Januari 1925. Wako watu watatu tu. Fred Longshaw anapiga harmoniamu, ile ya kusukuma upepo, na inavuma chini muda wote bila kukatika. Louis Armstrong, kijana wa miaka 23, ana koneti, aina ya tarumbeta. Bessie anaimba nusu mstari akilalamikia jua linapozama, ananyamaza, na katika ukimya huo Armstrong anajibu. Anaimba tena, anajibiwa tena. Hakuna anayemkanyaga mwenzake. Bessie anavuta silabi moja, anaishusha polepole, anaiachia pale ambapo hukutarajia. Kasi ni ya kujikokota, lakini hutaki iongezwe.

Wanawake hawa waliimba kuhusu waume wanaoondoka na wanaopiga, kuhusu jela, pombe, safari, tamaa ya mwili, hata mapenzi ya mwanamke kwa mwanamke, kama alivyofanya Ma Rainey 1928. Miaka ya 1950 na 1960 wakusanyaji wa santuri, karibu wote wanaume, walitukuza sahani adimu za wapiga gitaa wa Mississippi na kuwaona wanawake hawa kuwa wa kibiashara mno. Ndiyo maana hadithi nyingi zinasimuliwa kinyumenyume. Nadhani wakati wa kuzirekebisha umeshafika.

Walirekodi vipi bila maikrofoni?

Hadi 1925 kurekodi hakukuhitaji umeme. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa. Upande mwembamba wa pembe uliungwa na kiwambo chembamba chenye sindano. Sauti ilitikisa kiwambo, na sindano ikachora mfuo kwenye sahani nene ya nta iliyokuwa ikizunguka. Mara nyingi mzunguko huo ulitokana na uzito ulioning'inizwa na kushuka taratibu, kama ulivyo katika saa kubwa za zamani. Wapigaji walipangwa kwa umbali: wa tarumbeta nyuma, fidla karibu. Ngoma kubwa iliepukwa kwa sababu mtikisiko wake uliharibu mchoro. Ukikosea, nta ile haina kazi tena, mnaanza upya.

Nta ikipatikana nzuri, ilipakwa chuma kwa njia ya kemikali, na kutokana na chuma hicho vikatengenezwa vibao vya kugongea nakala. Nakala zenyewe zilikuwa mchanganyiko wa unga wa mawe na shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wa mitini, ambao kwa wingi ulitoka India. Ndiyo maana santuri hizo ni nzito, na zikianguka huvunjika kama kigae.

Maikrofoni za Western Electric zilipoingia studio 1925, kila kitu kilibadilika. Mtu aliweza kuimba kwa sauti ya chini na bado akasikika. Leroy Carr, mpiga piano wa Indianapolis, aliimba "How Long, How Long Blues" 1928 kama anayezungumza na mtu aliyekaa naye meza moja, huku Scrapper Blackwell akidonoa gitaa pembeni. Mbele ya pembe uimbaji wa namna hiyo usingewezekana.

Kwa nini karibu kila wimbo ni dakika tatu?

Kwa sababu sahani ya inchi 10 inayozunguka mara 78 kwa dakika haibebi zaidi ya hapo. Kwenye ngoma za Jumamosi wimbo mmoja uliweza kuchezwa mpaka wachezaji wachoke, mwimbaji akiongeza beti anavyojisikia. Studio ilimlazimisha achague. Charley Patton alipoimba kuhusu mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya 1927, wimbo wake "High Water Everywhere" uligawiwa pande mbili za santuri. Kwa hiyo tunachokisikia leo ni kipande kilichokatwa kwa kipimo cha sahani.

Wapiga gitaa waliingia lini?

Oktoba 1923 Sylvester Weaver wa Louisville alimpigia gitaa Sara Martin, na muda mfupi baadaye akarekodi gitaa peke yake. Mwaka 1924 Papa Charlie Jackson aliuza vizuri akiimba na banjo ya nyuzi sita. Aliyegeuza mambo kabisa ni Blind Lemon Jefferson, kipofu wa Texas, ambaye santuri zake za Paramount zilianza kutoka 1926. Sauti kali ya juu, gitaa linalokatiza mstari na kwenda linakotaka kabla ya kurudi: hakuna bendi ambayo ingeweza kumfuata. Aliuza mno hata kampuni ikamtolea santuri maalumu yenye karatasi ya rangi ya limau na picha yake. Alirekodi kama nyimbo 100 ndani ya miaka minne, akafariki Chicago Desemba 1929.

Makampuni yalielewa somo. Mtu mmoja na gitaa lake alikuwa nafuu kuliko nyota wa jukwaani na bendi yake.

Paramount ni ile kampuni ya filamu?

Hapana, hazihusiani. Paramount ya santuri ilikuwa tawi la Wisconsin Chair Company, kiwanda cha samani cha mji wa Port Washington, Wisconsin. Walikuwa wakitengeneza makabati ya gramafoni, wakaona wauze na santuri ili makabati yapate wateja. Kiwanda cha kugonga santuri kilikuwa Grafton, kando ya mto Milwaukee. Malighafi yao ilikuwa duni, na ndiyo sababu Paramount nyingi zinakwaruza kama zinakaangwa hata zikiwa mpya.

Na hapo ndipo pana jambo la kustaajabisha. Watu wa samani, wasiojali muziki huu, wakiwa kaskazini kwenye theluji, ndio waliotuachia Ma Rainey, Blind Lemon Jefferson, Blind Blake, Charley Patton, Son House na Skip James. Aliyewezesha sehemu kubwa ya hayo ni J. Mayo Williams, Mweusi msomi wa Chuo Kikuu cha Brown aliyewahi kucheza mpira wa Kimarekani wa kulipwa. Huko Chicago aliwatafuta wasanii, akachagua nyimbo, akasimamia kurekodi. Hakuwa na mshahara. Kipato chake kilitokana na haki za nyimbo, na wasanii kadhaa walilalamika kwamba kipato hicho kilitoka mifukoni mwao.

Kulikuwa na kampuni ya santuri inayomilikiwa na Weusi?

Ndiyo, Black Swan, iliyoanzishwa New York 1921 na Harry Pace, aliyewahi kuwa mshirika wa Handy katika uchapishaji wa nyimbo. Ethel Waters aliibeba mabegani, na Fletcher Henderson alisimamia muziki. Pace alitaka kuonyesha kwamba Weusi wana uwezo wa kila aina ya muziki, hadi opera, na pengine ndiyo sababu kampuni yake ilimkataa Bessie Smith kwa kumwona wa kishamba mno. Kufikia 1924 mali za Black Swan zilikuwa mikononi mwa Paramount.

Wasanii wa vijijini walipatikanaje?

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni wasaka vipaji. Mashuhuri kuliko wote ni H.C. Speir, Mzungu mwenye duka la muziki mtaa wa Farish, mtaa wa Weusi mjini Jackson, Mississippi. Wateja wake walikuwa Weusi, kwa hiyo alijua wanapenda nini kuliko mabosi wa New York na Chicago. Yeye ndiye aliyewapeleka Charley Patton, Tommy Johnson na Skip James kwa makampuni. Patton alirekodi kwa mara ya kwanza 14 Juni 1929, mbali kabisa na nyumbani, mjini Richmond, Indiana.

Ya pili ni makampuni kuwafuata wasanii. Mafundi walisafiri na mitambo na masanduku ya nta hadi Atlanta, Memphis, Dallas au New Orleans, wakakodi ukumbi au hoteli. Ralph Peer alikwenda Atlanta kwa niaba ya Okeh mwaka 1923, na Memphis kwa niaba ya Victor 1927. Mississippi John Hurt, mkulima wa kijiji cha Avalon, aliitwa Memphis Februari 1928. Alisimulia baadaye kwamba alikalishwa kwenye kiti katika ukumbi mkubwa usio na watu ila yeye, bosi na fundi. Maikrofoni ikasogezwa hadi mdomoni, akaambiwa asitikise kichwa kabisa. Shingo ilimuuma kwa siku kadhaa. Ukisikiliza upigaji wake wa vidole, laini na usio na haraka, huwezi kudhani kwamba aliyekuwa akipiga alikuwa amekakamaa kwa woga.

Walilipwa?

Walilipwa mara moja kwa kila upande wa santuri, wakatia saini, basi. Mirabaha, yaani fungu la msanii katika kila nakala iliyouzwa, kwa wengi haikuwapo. Bessie Smith, nyota mkubwa kuliko wote, alianza kwa dola 125 kwa kila wimbo uliokubalika, na mkataba wake na Columbia haukumpa mrabaha wowote. Hata hizo 125 mwanzoni nusu yake ilichukuliwa na Clarence Williams, mpiga piano aliyejifanya wakala wake, mpaka Bessie na mumewe walipomfuata ofisini kudai haki. Huyu ni mwanamke aliyeiingizia kampuni fedha kwa nyimbo 160. Wasanii wa vijijini walipata kidogo zaidi, wakati mwingine na chupa ya pombe juu yake.

Hakimiliki ya wimbo mara nyingi iliandikwa kwa jina la kampuni ya uchapishaji au la msimamizi. Santuri ilipokuja kutolewa upya miaka 40 baadaye na kuuzwa dunia nzima, familia ya mwimbaji haikuwa na karatasi ya kudai chochote. Kesi ya Robert Johnson ndiyo ya kipekee: mkusanyiko wa nyimbo zake uliotoka 1990 uliuza zaidi ya nakala milioni moja, na mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Mississippi ilithibitisha kwamba mwanawe ndiye mrithi halali.

Ni kweli Bessie Smith alifariki kwa kunyimwa matibabu katika hospitali ya Wazungu?

Hapana, ingawa ilichapishwa hivyo mwaka uleule na wengi bado wanaamini. Usiku wa kuamkia 26 Septemba 1937 gari aliyokuwamo iligonga lori kwenye barabara ya 61, karibu na Clarksdale, Mississippi. Daktari wa Kizungu aliyekuwa akipita alisimama kumhudumia barabarani. Mkono wake ulikuwa karibu kukatika, na alikuwa ameumia vibaya ndani ya mwili. Alipelekwa moja kwa moja kwenye hospitali ya Weusi ya Clarksdale, akafariki asubuhi. Katika Mississippi ya wakati ule hakuna dereva wa gari la wagonjwa ambaye angefikiria kumpeleka Mweusi kwenye hospitali ya Wazungu, na hilo ni doa tosha bila kuongeza chumvi. Kaburi lake lilikaa bila jiwe hadi 1970, Janis Joplin na Juanita Green walipochangia gharama.

Na Robert Johnson aliuza roho yake kwa shetani?

Hadithi hiyo ilisimuliwa kwanza kuhusu Tommy Johnson, mtu mwingine kabisa, na aliyeisimulia ni ndugu wa Tommy huyo. Wimbo wa Robert kuhusu njia panda unamhusu mtu anayetafuta lifti jioni na kupiga magoti kumwomba Mungu amhurumie, shetani hayumo. Robert alijifunza kwa mazoezi, kwa mwalimu aitwaye Ike Zimmerman, na kwa kusikiliza santuri. Hili la mwisho ndilo la maana kwetu. Alikuwa wa kizazi kilichokua kikisikia Leroy Carr na mpiga gitaa Lonnie Johnson kwenye gramafoni, naye akayahamishia gitaani mambo ya piano. Alirekodi nyimbo 29 tu, San Antonio Novemba 1936 na Dallas Juni 1937. Akafariki Agosti 1938 akiwa na miaka 27.

Mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930 ulifanya nini?

Uliua karibu kila kitu. Mauzo ya santuri Marekani yalishuka kutoka zaidi ya milioni 100 mwaka 1927 hadi milioni 6 hivi mwaka 1932. Skip James alirekodi nyimbo zake 18 huko Grafton Februari 1931, na karibu hakuna aliyezinunua. Paramount ilifunga studio mwaka uliofuata. Waliobaki walirudi na santuri za senti 35, kupitia chapa za Bluebird, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1930, na Decca, 1934, zikiwa na sauti ya mjini, piano na gitaa, na Chicago ikawa kitovu.

Kwa nini nakala zimekuwa adimu hivi?

Nyingine ziligongwa chache tangu mwanzo. Zilizonunuliwa zilichezwa mpaka zikaisha, kwa sindano za chuma zilizokwangua mifuo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia shelaki iliadimika, wananchi wakahimizwa kurudisha santuri kuukuu zisagwe. Vibao vya chuma vya Paramount vilipotea karibu vyote, kwa hiyo nyimbo kadhaa zipo kwa sababu nakala moja au mbili zilisalimika katika nyumba ya mtu. Mwaka 2013 santuri moja ya Tommy Johnson iliuzwa mnadani kwa dola 37,100. Santuri ya Willie Brown, Paramount namba 13099, haijawahi kuonekana.

Kuna uhusiano wowote na santuri zetu za taarab?

Wa muziki, hapana. Wa kiwanda, upo. Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa His Master's Voice, kampuni ya London iliyokuwa mshirika wa Victor ya Marekani, zote zikitumia picha ya mbwa yuleyule. Mwaka huohuo Victor na Okeh walikuwa Memphis wakirekodi bluzi. Hesabu yao ilikuwa moja: ukitaka kuuza gramafoni mahali, wauzie watu sauti za watu wao. Masharti nayo yalikuwa hayohayo, sahani ileile ya shelaki na zile dakika tatu, hata wimbo mrefu wa taarab ukagawiwa pande mbili.

Waimbaji hao walipatikana tena?

Baadhi. Mwaka 1963 kijana mmoja mpenzi wa santuri alisikiliza wimbo ambamo John Hurt anautaja mji wake, Avalon. Akautafuta kwenye ramani, akaenda, akamkuta Hurt yu hai, bado analima. Mwaka uliofuata walipatikana Skip James, akiwa hospitalini huko Tunica, na Son House, Rochester, New York. Walipanda majukwaani mbele ya maelfu ya vijana wa Kizungu. Ma Rainey, Bessie na Patton walikuwa wameshafariki zamani.

Naweza kuzitumia rekodi hizi bure?

Kwa Marekani, rekodi zote za kabla ya 1923 ziliingia katika mali ya umma 1 Januari 2022, "Crazy Blues" ikiwamo. Tangu 2024 unaongezwa mwaka mmoja kila Januari. Nchi nyingine zina sheria zao, angalia kwanza ya kwako.

Nianze kusikiliza wapi?

Usianze na 1920. Sikio la leo linachoshwa na rekodi za pembe. Anza na Mississippi John Hurt wa 1928, kisha Leroy Carr, kisha Skip James wa 1931 ukivumilia mikwaruzo. Msikilize Geeshie Wiley katika "Last Kind Words Blues", aliyoirekodi Grafton 1930. Memphis Minnie, aliyeanza 1929, atakuonyesha mwanamke mwenye gitaa anayewashinda wanaume wengi. Ukishazoea, rudi kwa Bessie wa 1925, halafu Ma Rainey, na Mamie Smith awe wa mwisho. Tumia spika ukiweza, kwa sababu vipokea sauti vya masikioni huongeza makelele ya sahani.